SOMO LA BUSTANI: KUTEGEMEZA MAHARAGE KWA KAMBA



Maharage ya kutambaa tunayajua tangu tulikotoka, Kivu na Rwanda. Yakitegemezwa vema huzaa kuliko yale mafupi, wala hayadai shamba kubwa. Tangu WFP ilipopunguza mgao wa wakimbizi Uganda mwaka 2020, na tena mwaka 2021, kila familia imejua thamani ya kipande kidogo nyuma ya nyumba.

Lakini maharage hayo hutaka miti mingi ya kuegemea. Kuikata porini huleta ugomvi na wenyeji, na mara nyingi wanaotumwa ni akina mama na watoto. Kwa hiyo tujifunze njia ya kamba, ambayo hutaka nguzo chache tu.

Kununua kamba

Kikuubo, katikati ya Kampala, ni ujia mwembamba wa maduka ya jumla. Hata jina lake kwa Kiganda lina maana hiyo. Bei ya jumla humfaa anayenunua nyingi. Basi familia tano au sita tuchange, tumtume mmoja mwaminifu, arudi na risiti. Ujia hujaa watu, hivyo fedha ifichwe vizuri. Anunue kamba ya nailoni kwa ajili ya juu na chini, na kamba nyembamba ya katani ya kuteremsha.

Hatua za kazi

1. Kabla ya mvua za Machi au Septemba, tunatengeneza tuta. Tunachimbia nguzo za meta 2 na nusu, kila baada ya meta 2 au 3. Nusu meta iingie ardhini.

2. Nguzo za mwisho hubeba uzito wa mstari mzima. Tunazivuta kwa nje kwa kamba na mambo, zisije zikainamia ndani.

3. Tunafunga nailoni juu, toka nguzo hadi nguzo, na nyingine chini, shibiri moja toka udongo.

4. Tunateremsha katani toka juu hadi chini, kila sentimeta 20.

5. Tunapanda mbegu mbili chini ya kila kamba. Mmea ukianza kutambaa, tunauongoza kinyume cha mshale wa saa, tukitazama toka juu. Ndivyo maharage yanavyojizungusha, ukiyageuza, yatajifungua.

6. Baada ya mavuno tunakata katani pamoja na majani, vyote vioze viwe mbolea. Nailoni tunaikunja kwa msimu ujao.

Maswali ya kujadiliana

Someni Mhubiri 4:9–12.

1. Ni nani kati yetu, mjane au mzee, asiye na nguvu za kuchimbia nguzo? Tutamsaidia siku gani?

2. Asiye na fedha ya kuchangia kamba, anaweza kuchangia nini? Mbegu? Kazi ya mikono?

Mungu abariki kazi ya mikono yetu. Amina.