Moshi Ni Kuni Zilizotoroka

Washa kijiti kikavu, kiache kishike vizuri, kisha ukipulize mwali uzimike. Moshi mzito utapanda kutoka kwenye ncha. Sogeza kiberiti kinachowaka ndani ya moshi huo, karibu na ncha: mara nyingi moshi wenyewe utashika moto. Kumbe moshi si takataka ya moto. Ni kuni ambazo hazijaungua, na jiko huchaguliwa kwa msingi huo.

Ukuni ukipashwa joto, kwanza maji yake hukauka. Ukifika nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi hizo ndizo zinazowaka kwa ndimi. Kinachobaki ni makaa. Ili gesi hizo ziungue zote, zinahitaji joto kali na hewa ya kutosha kwa wakati mmoja. Zikikosa kimoja, hupaa kama moshi, zikaacha masizi darini na kikohozi kifuani mwa mpishi.

Tuanze na maji. Katika mji wa Runyenjes, kaunti ya Embu nchini Kenya, kuni nyingi hutoka shambani, matawi ya mukima yanayopunguzwa kando ya kahawa na majani chai. Ukuni mbichi unaweza kuwa nusu maji. Katika kilo moja, nusu kilo ya mti hutoa takriban megajuli 9, na nusu kilo ya maji hula megajuli 1.3 ili kugeuka mvuke. Hasara kubwa zaidi haimo kwenye hesabu hiyo: mvuke hupoza moto, na gesi hutoroka bila kuungua. Kwa hiyo pasua kuni na uzianike kabla hujaulizia bei ya jiko lolote.

Mafiga matatu hayakosi hewa; hukosa ukuta wa kuzuia joto. Jiko la Maendeleo, lililoenezwa Kenya tangu miaka ya 1980, huuzingira moto kwa kikombe cha udongo uliochomwa, kinachojengewa kwa matope jikoni. Jiko la roketi, lililobuniwa Marekani na Larry Winiarski mwaka 1982, lina mdomo chini na chemba ya wima ambamo gesi hupata nafasi ya kuungua kabla ya kugusa sufuria. Kibugu, katika kaunti hiyohiyo ya Embu, watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, wamejaribu jiko la gesifaya: gesi hutolewa chini, huunguzwa juu, na makaa hubaki kwa matumizi mengine.

Lipi likufae? Angalia unachopika. Ukuta mnene wa udongo hula joto jingi kabla haujapata moto. Kwa chai ya asubuhi hiyo ni hasara tupu. Kwa githeri ya mahindi na maharagwe inayochemka kwa saa tatu, haisumbui sana. Na kwa kuwa Runyenjes iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Yakishachemka, kuongeza kuni hakuivishi maharagwe upesi. Huongeza mvuke tu.

Wakati wa kujenga, mdomo uwe na kichanja: kuni juu, hewa ipite chini. Kati ya jiko na ubavu wa sufuria acha upenyo wa kama sentimita moja. Ukibana zaidi, moto hukabwa. Ukipanuka, joto hupita bila kugusa chungu.

Halafu dohani. Hewa ya nyuzi 200 ina uzito wa kama tatu kwa tano ya hewa ya nyuzi 20, ndiyo maana hupanda na kuvuta nyingine nyuma yake. Dohani ipite kilele cha paa, isiguse mbao, na masizi yasuguliwe mara kwa mara. Lakini dohani haiunguzi moshi, huuhamisha tu. Basi kabla ya kumlipa fundi, washa jiko kwa kuni kavu, subiri moto ukolee, kisha toka nje utazame juu. Ukiona moshi mzito bado, chemba ina kasoro, na kuni hazina lawama.