Mchezaji Akiumia Asiweze Kucheza Tena

Leo tunajifunza habari za wachezaji wa kulipwa, yaani wale ambao mpira ndio shamba lao. Hata huku kwetu mtu huitwa kwa kazi yake: fundi, mvuvi, mwalimu. Je, mvuvi akikatika mkono, tumwiteje?

Tumtazame Marco van Basten wa Uholanzi. Mwaka 1988, katika fainali ya Kombe la Ulaya, aliwafunga Wasovieti akiwa pembeni kabisa, mahali ambapo wengi wangerudisha mpira katikati. Mara tatu alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya: 1988, 1989 na 1992.

Lakini kifundo cha mguu kilimsumbua. Ndani ya kifundo kuna gegedu, yaani kitu laini kinachozuia mifupa isisagane. Gegedu likilika, ni shida sana kuota tena. Alipasuliwa mara kadhaa, wapi! Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 1993, akiwa na miaka 28 tu. Akangoja miaka miwili. Agosti 1995 akatangaza kuacha, akauzunguka uwanja wa klabu yake ya Milan huko Italia akiwa amevaa nguo za nyumbani, akiwapigia watu makofi. Kocha wake, Fabio Capello, alilia. Sisi twaona yale yalikuwa kama matanga ya mtu aliye hai.

Miaka mingi baadaye alieleza katika kitabu chake kwamba usiku alikuwa akitambaa kwenda chooni, kwa maumivu. Bingwa wa Ulaya, anatambaa kama mtoto!

Tuelewane hapo. Mchezaji kama huyu hapotezi mshahara tu, maana fedha huenda anazo. Anapoteza saa ya kuamka, wenzake wa kila siku, na lile jina analoitwa. Daktari hutibu mguu. Huzuni haionekani kwenye picha ya eksirei.

Mwishowe mifupa ya kifundo iliunganishwa, maumivu yakapungua. Akawa kocha wa timu ya taifa, 2004 hadi 2008. Hata hivyo, mwaka 2014 aliacha ukocha mkuu wa klabu ya AZ kwa sababu ya wasiwasi mwingi, akawa msaidizi.

Jadilianeni darasani: kijijini kwenu ni nani aliyeacha kazi yake kwa kuumia? Mkimtembelea, mnamwuliza habari za mguu tu, au na habari zake mwenyewe?