SOMO LA WIKI: Kilo nne za kimea, chupa 50 za bia – faida iko wapi?

Mfanyabiashara akiambiwa kwamba kilo 4 za kimea cha shayiri zinatoa chupa 50 za bia, jambo la kwanza analofanya ni kuzidisha. Anachukua bei ya chupa dukani, anatoa bei ya kimea, na tayari ameona faida. Nchini Marekani, ambako upishi wa bia nyumbani umeenea sana, hesabu ya namna hiyo imewaingiza watu wengi katika biashara, na wengine imewatoa wakiwa na madeni.

Bia inayopendwa na wanaoanza ni blonde ale: nyepesi, rangi ya dhahabu, uchungu kidogo, kileo cha kati ya asilimia 3.8 na 5.5. Haina kificho. Kosa ambalo bia nyeusi ingelifunika, hii inalitangaza.

Kimea si kitu kigeni kwa anayejua mbege ya Uchagani, inayotumia kimea cha ulezi. Nafaka huoteshwa kidogo, ikakaushwa, ikasagwa. Kwa blonde ale kimea ni cha shayiri, nacho hulowekwa katika maji ya moto wa nyuzi 66 za Selsiasi kwa saa moja. Katika joto hilo wanga hugeuka sukari, na kinachochujwa ni maji matamu kama togwa isiyochacha. Joto likizidi sana, vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo hufa na utamu haupatikani.

Hapo ndipo mtaji unapopotea bila mwenyewe kujua. Utamu hupimwa kwa haidromita, ambayo katika maji matupu husoma 1.000. Kilo moja ya kimea kizuri, utamu wake wote ukitoka ndani ya lita moja, huleta pointi 300 hivi juu ya hapo. Kilo 4 basi zina pointi 1,200. Mpishi makini hupata asilimia 75 yake, yaani pointi 900. Zikigawanywa kwa lita 19, kipimo kinasoma 1.047. Bia hiyo ikimaliza kuchacha kwenye 1.010, kileo ni karibu asilimia 5.

Mpishi mwingine ananunua kimea hichohicho kwa bei ileile, lakini kimesagwa kikubwakubwa na machicha yamesuuzwa kwa haraka. Anapata asilimia 55. Kipimo chake kinasoma 1.035, na kileo kinaishia kama asilimia 3.5, chini ya kiwango cha bia aliyokusudia. Ili amfikie mwenzake itambidi atumie karibu kilo 5 na nusu. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya gharama ya kimea, na hakuna risiti inayoionyesha.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita 28 zikiingia, machicha hunyonya 4, mvuke wa saa moja ya kuchemsha huondoka na nyingine kama 4, na masimbi ya vyombo viwili humeza 2. Zinabaki lita 18, yaani chupa 50 za mililita 355 kila moja.

Wakati wa kuchemsha hutiwa hopsi, yale maua makavu yanayoleta uchungu. Gramu 28 zinatosha. Baada ya moto kuzimwa, mchezo unabadilika. Maji hayo hupoozwa haraka hadi nyuzi 20, na kila kitakachoyagusa lazima kiwe kimeuliwa vijidudu. Chachu ikishatiwa, mpishi husubiri wiki mbili. Kipimo kisichosogea kwa siku tatu mfululizo ndicho ruhusa ya kujaza chupa, pamoja na gramu 110 za sukari ya kuleta povu. Mwenye haraka anayejaza kabla ya hapo huambulia chupa zinazopasuka stoo.

Sasa gharama. Kwa hesabu ya mfano, kimea dola 16, hopsi dola 4, chachu dola 6, sukari na vizibo dola 3, gesi dola 4. Jumla dola 33, sawa na senti 66 kwa chupa. Wengi huishia hapo. Lakini vyombo vya dola 300 vikitarajiwa kudumu kwa mapishi 20, kila upishi unabeba dola 15, na chupa inafika senti 96. Saa 6 za kazi kwa dola 10 kila moja zinaipeleka kwenye dola 2.16, bila kuhesabu siku ya kujaza chupa. Na upishi mmoja katika kila mitano ukichachuka vibaya na kumwagwa, chupa zilizopona zinabeba mzigo wake: dola 2.70. Kimea, kilichomvutia mfanyabiashara tangu mwanzo, ni senti 40 tu za hizo.

Bia hiyo hairuhusiwi kuuzwa. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978 iliondoa kodi kwa mtu mzima anayepika hadi galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi yake, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Majimbo ya Alabama na Mississippi yaliruhusu upishi huo mwaka 2013 tu. Anayetaka kuuza anahitaji leseni ya kiwanda.

Ken Grossman alipita njia hiyo. Mwaka 1976 alifungua duka la vifaa vya wapishi wa nyumbani mjini Chico, California, kisha akashiriki kuanzisha kiwanda cha Sierra Nevada kwa mitambo iliyotumika ya maziwa. Mapishi kadhaa ya mwanzo yalimwagwa kwa sababu hayakufanana. Kwa mwenye mtaji mdogo huo ni uamuzi mchungu, lakini mnywaji hanunui chupa ya pili iliyo tofauti na ya kwanza.

Jim Koch, aliyeanza na Samuel Adams mwaka 1984, alikwepa gharama ya mitambo kwa kupikisha bia yake katika viwanda vya wengine. Kampuni yake, Boston Beer, iliingia Soko la Hisa la New York Novemba 1995. Wanywaji wa kawaida waliuziwa hisa 33 kila mmoja kwa dola 15 moja, wakati bei ya wengine ilikuwa dola 20. Hadi mwaka 1998 hisa hizo zilikuwa zikiuzwa chini ya hizo dola 15. Waliozishikilia hadi mwaka 2021 waliziona zikipita dola 1,000 kila moja, kisha zikapoteza zaidi ya nusu ya bei kabla mwaka huo haujaisha.