SOMO KWA WAZAZI: TUONGEE NA MTOTO MDOGO

Wengi wetu tunasema: "Huyu angali mdogo, hajui kitu." Leo tujifunze kwamba neno hilo si kweli.

1. Mtoto anaanza kusikia lini?

Katika miezi ya mwisho ya mimba anasikia tayari sauti ya mama yake, akizaliwa anaitambua. Karibu na mwaka 1 anatamka neno la kwanza. Akifika miaka 2 anaunga maneno mawili: "Mama, maji." Lakini anafahamu mengi kuliko yale anayoyasema.

2. Tuongee naye namna gani?

Kazi hii haitaki feza. Mama akichambua sombe amwambie: "Hili ni jani. Hili kubwa, hili dogo." Mtoto akisema "ba", tumjibu, halafu tunyamaze kidogo ili naye ajibu. Maneno yanakwenda na kurudi, na akili yake inakomaa. Baba naye asingoje mtoto aingie kalasi. Tumsemeshe Kiswahili, Mashi ama Kilega: lugha mbili nyumbani hazimharibu mtoto. Lakini simu haiwezi kuwa mzazi. Mwaka 2019 OMS ilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asiwekwe hata kidogo mbele ya simu wala televisheni.

3. Na mtoto anayechelewa kusema?

Hapa tuwe waangalifu sana. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, ama mwenye miaka 2 asiyeunga maneno mawili, apelekwe kituo cha afya wampime masikio. Pengine ugonjwa umemnyima kusikia. Tusikimbilie kusema ni mlozi! Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Vilevile sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Tumwombee, ndiyo, lakini maombi hayazuii kumpeleka kwa muganga. Asiyesikia anaweza kujifunza kwa ishara za mikono. Naye pia anangoja tuongee naye.

Torati 6:7 inatuagiza kusema na watoto tukiketi nyumbani na tukitembea njiani. Haikusema tungoje wakue.

Maswali ya kujiuliza:
– Leo tumemwambia mtoto maneno mangapi yasiyo ya kukemea?
– Je, kuna mtoto jirani anayeitwa mlozi kwa sababu hasemi? Tutamsaidia namna gani?