Kumwaga Oili ya Pikipiki Nyumbani

Wengi wetu sasa twapeleka karafuu kituoni kwa pikipiki, kama wenzetu wa Mwanza wapandishavyo abiria vilima vya mawe kando ya Ziwa Viktoria. Pikipiki ya kazi yataka oili safi.

Ipashe injini moto kidogo, izime, simamisha pikipiki wima, weka karai, ndipo ufungue nati ya chini.

Nati ikivuja, watu huikaza zaidi, na hapo ndipo wanapoharibu. Tumbo la injini ni aluminiamu, laini kuliko chuma cha nati; meno hukatika, na kuyachonga upya ni gharama. Mara nyingi kinachovujisha ni ile pete nyembamba ambayo mafundi huiita washa. Ikishabanwa mara moja haizibi sawasawa tena. Weka mpya kila mara, futa pahala pake, funga nati kwa vidole kwanza, kisha spana fupi, bila kuilalia. Tia oili kwa kipimo cha kitabu, tia moto, chungulia chini.

Oili chafu iwekwe doboni. Mwanza, imwagwayo mtaroni hufika Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani, ambako mji huvuta maji yake ya kunywa, pale Capri Point. Sisi visiwani twanywa ya visima.