Somo la Ufundi: Kubadilisha Plagi na Nyaya Zake

Ndugu wafanyakazi,

Tawi letu, katika mashamba ya chai karibu na Fort Portal, lilichanga fedha likanunua gari kuukuu la kubebea wagonjwa. Msimu wa mvua gari likaanza kukohoa na kuzimika mlimani. Fundi mmoja wa mjini akasema injini imekwisha, tununue nyingine. Tulikuwa tumeanza mchango wa pili, ndipo dereva wa trekta akafungua boneti usiku, injini ikiunguruma, akatuonyesha cheche zikiruka kwenye waya uliopasuka. Injini haikuwa na kosa. Shilingi za wanachama zilibaki kidogo zipotee kwa sababu ya kutojua.

Plagi hutoa cheche ya kuwasha petroli na hewa ndani ya silinda. Waya huleta umeme kutoka kwenye distributa. Umeme huo ni wa volti elfu nyingi, kwa hiyo waya ukipasuka, hasa wakati wa unyevu, umeme hutorokea kwenye chuma cha injini. Silinda hiyo hukosa moto na petroli hupotea bure. Usiguse nyaya hizo injini ikiwa inawaka!

Somo hili ni la gari lenye distributa. Magari mengi ya sasa yana koili juu ya kila plagi.

1. Zima injini, iache ipoe kabisa. Fungua waya hasi wa betri.

2. Maliza silinda moja ndipo uende kwenye nyingine. Ukizing'oa nyaya zote pamoja utapoteza mpangilio. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa zamu ya 1-3-4-2. Nyaya zikibadilishana, injini hutetemeka au haiwaki kabisa.

3. Shika kofia ya mpira, usivute waya wenyewe. Puliza vumbi kabla ya kufungua plagi, lisiingie ndani ya silinda.

4. Itazame plagi ya zamani. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi mno au chujio la hewa limeziba. Ikilowa oili, injini inakula oili, na plagi mpya haitaponya ugonjwa huo.

5. Pima nafasi ya cheche kwa fila geji, kufuata kitabu cha gari.

6. Anza kufunga plagi kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze upya. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu nyuzi za kichwa cha injini, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya plagi. Ikishakaa, plagi mpya yenye pete huongezwa kama nusu mzunguko tu.

7. Chagua waya mpya wenye urefu sawa na ule wa zamani. Usukume mpaka ukae barabara, mbali na bomba la moshi.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kwa nini tunabadilisha waya mmoja mmoja?
(b) Plagi ikitoka na masizi, tutazame nini kwanza?
(c) Nani kati yetu anajua kazi hii, na atawafundisha wangapi?

Ndugu, swali la tatu lisipite bila majibu. Mgonjwa wa usiku hawezi kumngoja fundi wa mjini.

Umoja ni nguvu.