RUTA YA SAFARI DARASANI: MATAYARISHO KABLA YA SOMO

Utangulizi

Kila mwanachuo hufundishwa kwamba zana ya kufundishia sharti ijaribiwe kabla ya kuingizwa darasani. Anayetaka kuonyesha nguvu ya sumaku huijaribu kwanza sumaku yake. Anayetaka kuotesha maharagwe huyapanda siku kadhaa kabla ya kipindi. Lakini zana hiyo inapokuwa ruta ya safari, wengi wetu huisahau kanuni hii. Huinunua, huitia laini, huiwasha mbele ya wanafunzi, kisha hungojea.

Ruta ya safari ni chombo kidogo chenye betri, kinachotosha kiganjani. Hupokea mawimbi ya simu kutoka mnarani na kuyageuza kuwa Wi-Fi, ili simu na vishikwambi vilivyo karibu vipate intaneti kupitia laini moja. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu wa shule ya msingi namna ya kuitayarisha ruta hiyo, na kwa nini matayarisho hayo ni sehemu ya andalio la somo, wala si kazi ya fundi peke yake.

Haja ya chombo hiki si ndogo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Hata hivyo, shule nyingi za uwanda wa kati ziko mbali na nyaya za intaneti. Kati ya kishikwambi kilichomo mkobani mwa mwalimu na kitabu kilichomo maktabani panahitajika daraja, na mara nyingi daraja hilo ni ruta.

Somo lililoharibika

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya Darasa la Tano, katika shule ya kijiji kimoja mkoani Dodoma. Mwanachuo alikuwa anafundisha historia ya michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kondoa imo mkoani humohumo, lakini hakuna hata mwanafunzi mmoja darasani aliyewahi kuiona michoro hiyo. Wanafunzi 60 waliketi katika makundi sita, kila kundi na kishikwambi kimoja kilichoazimwa kwa walimu. Mwanachuo alikuwa amenunua bando la gigabaiti 1 kwa fedha zake mwenyewe.

Picha ya kwanza ilifunguka, na darasa zima likainama. Ya pili ilifunguka nusu. Ya tatu haikuja. Mwanachuo aliizima ruta, akaiwasha. Akatoka nayo nje, akarudi. Dakika kumi na tano zilipita. Hakuwa na picha ya karatasi wala mchoro ubaoni. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa adabu, «Mwalimu, picha zitakuja kesho?» Kengele ikalia.

Tulipochunguza baada ya kipindi, tuligundua kwamba ruta ilikuwa imewashwa tangu jana yake katika ofisi ya walimu, nayo bado inatumia nywila iliyobandikwa na kiwanda mgongoni mwake. Simu kadhaa za ofisini zilikwisha kuungwa nayo. Asubuhi ile, wakati wanafunzi wakiingojea picha ya tatu, simu hizo zilikuwa zinasasisha programu zao zenyewe bila wenyewe kujua. Bando lote lilikwisha.

Mwanachuo alikosea, lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Nililitia saini andalio lake, ambamo chini ya safu ya zana aliandika neno moja tu, «ruta», nami sikumwuliza lolote. Kama angaliandika «chati», ningalimtaka anionyeshe chati yenyewe.

Hatua za kuitayarisha ruta

Hatua zifuatazo zifanywe siku mbili kabla ya somo, wala si asubuhi ya somo.

1. Kuchagua laini. Ruta nyingine zimefungwa zikubali laini za kampuni moja tu. Hivyo mnunuzi aulize jambo hilo dukani kabla ya kulipa. Kisha achunguze ni kampuni gani yenye mawimbi mazuri pale shuleni, si pale mjini anakonunulia. Njia rahisi ni kuwauliza walimu na wanakijiji, halafu kujaribu kwa simu ndani ya chumba chenyewe cha darasa. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole kama inavyotakiwa. Laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Laini ikiwa na namba ya siri ya kuifungulia, iondolewe kwanza kwa kutumia simu.

2. Kuichaji na kuiwasha. Laini itiwe wakati ruta imezimwa. Betri ichajiwe mpaka ijae. Pasipo umeme wa gridi, paneli ndogo ya jua au betri ya akiba inayochaji simu hutosha. Lakini ruta yenyewe isiachwe juani, kwa maana joto kali huharibu betri.

3. Kuunga simu ya mwalimu. Mgongoni mwa ruta, au chini ya betri, pana kibandiko chenye jina la mtandao na nywila yake. Mwalimu hufungua orodha ya Wi-Fi katika simu, huchagua jina hilo, na kuandika nywila.

4. Kuingia katika ukurasa wa usimamizi. Kibandiko hichohicho huonyesha anwani ya ruta, mathalani 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Anwani hii huandikwa katika kivinjari cha simu, mahali pa kuandikia anwani ya tovuti. Ukurasa unaofunguka umo ndani ya ruta yenyewe. Kuufungua hakuhitaji bando.

5. Kubadilisha nywila mbili. Hapa ndipo wengi hukosea. Ruta ina nywila ya kuungana na Wi-Fi, na ina nywila nyingine ya kuingia katika usimamizi. Ya kwanza ni kama ufunguo wa darasa. Ya pili ni kama ufunguo wa kabati la mwalimu mkuu. Zote mbili zibadilishwe, na zisifanane. Nywila ya Wi-Fi iwe na herufi na tarakimu zisizopungua kumi na mbili. Mahali pa kuchagua aina ya ulinzi, ichaguliwe WPA3 ikiwa vishikwambi vyote vinaikubali. La sivyo, WPA2. Mtandao usiachwe wazi bila nywila.

6. Kubadilisha jina la mtandao. Jina lisitaje mwalimu wala aina ya ruta. Neno la kawaida kama «Mbuyu» latosha.

7. Kuweka mipaka. Ruta nyingi humruhusu msimamizi kuweka idadi ya vyombo vinavyoweza kuungwa. Darasa lenye vishikwambi sita na simu moja ya mwalimu lihitaji nafasi saba, basi ziwekwe saba. Palipo na sehemu ya kuweka kikomo cha data, kiwekwe pia. Katika kila kishikwambi, mtandao huo uwekewe alama kwamba una kipimo, na masasisho ya moja kwa moja yazimwe. Hatua hii peke yake ingaliliokoa somo la Kolo.

8. Kuchagua masafa. Ruta nyingine hutoa Wi-Fi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La kwanza hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi. La pili huwa na kasi zaidi lakini huchoka mapema. Kwa chumba kimoja chenye vishikwambi vipya, la pili lafaa. Palipo na vishikwambi vya zamani, au makundi yanayokaa nje chini ya mti, litumike la kwanza.

Mahali pa kuiweka

Uwanda wetu kwa sehemu kubwa ni wa wazi, jambo linalosaidia mawimbi kusafiri. Lakini una vilima vya mawe makubwa, na kijiji kilicho nyuma ya kilima huweza kukosa mawimbi ya mnara ulio karibu sana. Tena, paa la bati huyazuia mawimbi yatokayo juu. Kwa hiyo ruta isiwekwe katikati ya chumba wala ndani ya droo ya meza. Iwekwe dirishani, upande unaoelekea mnara, juu kidogo, kivulini. Mwalimu aihamishe kutoka dirisha hadi dirisha huku akitazama vijistari vya mawimbi, kisha atie alama ya chaki mahali palipo bora. Jaribio hili lifanywe saa ileile ambayo somo litafundishwa, kwani mnara wenye watumiaji wengi saa nne asubuhi hauna kasi ileile ya saa kumi na mbili.

Hesabu ya bando na ya dakika

Mwalimu hana budi kupiga hesabu. Tuchukue kitabu chenye ukubwa wa megabaiti 20. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kitabu hicho ni megabiti 160. Ikiwa kasi ya intaneti ni megabiti 4 kwa sekunde, kishikwambi kimoja kitakipakua kwa sekunde 40. Vishikwambi sita vikikipakua kwa pamoja, kasi hiyohiyo itagawanyika, navyo vitachukua sekunde 240, yaani dakika 4. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya kipindi cha dakika 40. Bando nalo litatumika megabaiti 120 badala ya 20.

Njia iliyo bora ni kupakua mara moja tu, jioni, katika kishikwambi kimoja, kisha kugawia vingine kwa kadi ya kumbukumbu au kwa programu ya kurushiana mafaili, ambayo haitumii bando. Siku ya somo ruta hubaki na kazi moja ndogo, kama vile kutazama taarifa ya hali ya hewa ya siku ile, jambo ambalo haliwezi kuhifadhiwa tangu jana.

Chombo na mwalimu

Hili si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya «Mtu ni Afya», watu wapatao milioni 2 walijifunza usafi na kinga ya maradhi katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio haikuachwa ifundishe peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na vilitolewa vitabu vya kusomwa pamoja na matangazo. Baada ya kusikiliza, wanakikundi walijadiliana na kuamua la kutenda, mathalani kuchimba choo. Redio ilileta sauti. Matayarisho ya watu ndiyo yaliyoleta elimu. Ruta nayo huleta kitabu na picha mpaka mlangoni mwa darasa, lakini haiwezi kuvuka kizingiti bila mwalimu aliyejiandaa.

Kwa sababu hiyo kila andalio linalotaja ruta litaje pia zana ya badala: picha iliyochorwa katika karatasi ya manila, au maelezo yaliyokwisha kuandikwa ubaoni. Vilevile mwalimu akumbuke kwamba mlango alioufungua hauingizi mema tu. Watoto wasiachiwe vishikwambi bila uangalizi, wala picha zao na majina yao yasitumwe mtandaoni ovyo. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hitimisho

Juma lililofuata mwanachuo yule alirudi katika Darasa la Tano. Picha nane za Kolo zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa katika vishikwambi vyote sita, na picha moja kubwa aliichora mwenyewe kwa mkaa na udongo mwekundu. Ruta ilikaa dirishani, juu ya alama ya chaki. Aliitumia kwa dakika tano tu, kuonyesha ramani ya njia kutoka kijijini hapo mpaka Kolo. Dakika zilizobaki wanafunzi walibishana kama wanyama waliochorwa ni twiga au swala, na kwa nini watu wale walipenda rangi nyekundu. Mwanafunzi aliyeuliza swali juma lililopita ndiye aliyebisha kuliko wote.

Tangu siku hiyo sitii saini andalio lenye neno «ruta» mpaka nimeiona ikiwaka, na nywila zake zimebadilishwa.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya nywila ya Wi-Fi na nywila ya usimamizi. Ni madhara gani yatatokea ikiwa ya pili haikubadilishwa?

2. Faili la megabaiti 30 linapakuliwa na vishikwambi vinane kwa pamoja, kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua dakika ngapi na sekunde ngapi? Bando litatumika kiasi gani? Pendekeza njia iliyo nafuu.

3. Chora ramani ya shule yako ya mazoezi. Onyesha madarasa, madirisha, miti na upande wa mnara, kisha tia alama mahali utakapoweka ruta. Toa sababu.

4. Andika andalio la somo la Sayansi la dakika 40 ambamo ruta itatumika kwa dakika zisizozidi tano. Taja zana ya badala kwa kila hatua.